Wivu wa Mtu Aliyewahi Kubeba Bastola

Kabla Mganda hajahamia chumbani kwetu, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa bastola. Tulikuwa tukiishi wawili katika chumba cha vitanda vitatu, ghorofa ya nne, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha: mimi na Mkenya mwenzangu, mpishi wa hoteli moja kule West Bay. Mimi nilikuwa mlinzi kwenye mnara wa ofisi, si mbali na hoteli yake. Kazini sikubeba silaha. Nilikuwa na redio ya mkononi, kitabu cha wageni na suti nyeusi iliyonibana makwapa. Lakini kwetu Kitale, kabla sijaja Doha, nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na bastola ya leseni, na kila Ijumaa, siku yetu ya kupumzika, mpishi alinichokoza nimsimulie.

Nami nilisimulia. Nilimwambia jinsi majambazi wanne walivyonivamia getini kwangu, nikachomoa, nikapiga moja hewani, wakatawanyika kama kuku. Mwaka wa kwanza walikuwa wawili. Kufikia mwaka wa tatu walikuwa wanne na mmoja wao alikuwa ameacha kofia yake getini. Mpishi alikuwa akisikiliza huku anakanda chapati, na pale risasi ilipolia alikuwa akisimamisha mikono, unga umemjaa mpaka viwikoni, na kusema, "Mzee, wewe si mtu wa kuchezewa."

Nilikuwa napenda sana kuambiwa hivyo. Kutwa nzima nilikuwa mtu wa kufungua mlango na kusema "karibu, bwana" kwa watu ambao hawakuniangalia usoni. Ijumaa nilikuwa mtu mwingine.

Mganda alikuja mwezi wa pili, baridi ya Doha ikiwa inaisha. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, asiye na maneno mengi. Alichagua kitanda cha dirishani, akakisogeza hadi kikaangalia mlango, akakunja nguo zake kama kwamba kuna mtu atakayezikagua. Mpishi alimuuliza alikuwa wapi kabla ya hapa. Akasema alikuwa mlinzi miaka minne katika nchi yenye vita, akilinda nyumba za wageni.

"Kwa silaha?" mpishi akauliza.

"Bunduki kubwa kazini, bastola kila saa," akasema Mganda. "Hata chooni."

Mpishi akanigeukia macho yakimng'aa. "Basi mzee, umepata mwenzako!"

Nilitabasamu. Nilijua palepale kwamba zile Ijumaa zangu zimekwisha.

Na zilikwisha kweli. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakunipokonya kwa kujigamba. Laiti angejigamba ningemshinda. Mpishi alipomuuliza kama amewahi kumpiga mtu, alijibu, "Hapana, na namshukuru Mungu," akaendelea kunywa chai yake ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki. Mpishi akamwangalia kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona akiniangalia nayo mimi, pamoja na majambazi wangu wanne na kofia.

Mwezi wa nne mpishi akatuambia mipango yake. Mkataba wake ulikuwa unakwisha na hakutaka kuuongeza. Alikuwa amefungua hoteli ndogo mjini Eldoret, mke wake akiisimamia, na sasa alikuwa anarudi kuishika mwenyewe. Barabara ya kwenda nyumbani kwake ilikuwa na visa vya wizi. Alikuwa ameanza kuomba leseni ya bastola.

"Nataka mnifundishe," akasema. Alisema *mnifundishe*, lakini macho yalikuwa kwa Mganda.

Ijumaa iliyofuata darasa likaanza. Hapa Doha hata bastola ya plastiki ya kuchezea hungethubutu kuonekana nayo, kwa hiyo Mganda alichukua rimoti ya kiyoyozi, akamwambia mpishi aichomeke kiunoni chini ya shati. Halafu hakumfundisha kuichomoa. Alimtuma dukani, kwenye bakala ya chini ya jengo letu, akanunue sukari. Akaniambia na mimi niende naye, nami nikaenda kwa sababu kukataa kungeonyesha roho yangu.

Tuliporudi akamuuliza mpishi, "Ndani ulikuta nani?"

Mpishi akakuna kichwa. "Yule mwenye duka. Na watu wengine."

"Watu gani? Mikono yao ilikuwa wapi? Ukitaka kutoka bila kupita mlango ulioingilia, ungepitia wapi?"

Mpishi akacheka, akasema alienda kununua sukari. Mganda hakucheka. Akanigeukia. "Mzee?"

Nikamwambia. Mwenye duka alikuwa nyuma ya mashine ya hesabu, mikono juu ya meza. Wanaume wawili wa ujenzi walikuwa kwenye friji ya vinywaji, mmoja ameshika mfuko mweupe. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, karibu na mchele. Mlango wa stoo nyuma ulikuwa wazi na ulitokea uchochoroni. Pikipiki ya kupeleka vyakula ilikuwa nje, injini inanguruma, na mwenyewe alikuwa anaangalia simu.

Ilikuwa kazi yangu ya kila siku. Miaka sita ya kusimama mlangoni hukuachia macho hata kama haikuachii kitu kingine.

Mganda akaitikia kwa kichwa taratibu. "Huyu mzee anaona," akamwambia mpishi. "Anaona kuliko mimi. Hiyo ndiyo silaha ya kwanza. Hii nyingine," akagusa rimoti, "iko ya mwisho kabisa. Ukifika kwa hii, umeshakosea mahali."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi sifa ile ilinichoma. Nani alimpa yeye mamlaka ya kunigawia sifa chumbani mwangu? Nikasema, kwa sauti ambayo mpaka leo naionea haya, "Hayo ya kuangalia ni ya askari wa geti. Mfundishe kuchomoa. Au hujui?"

Akaniangalia kidogo. "Twende, mzee. Tuonyeshe wewe."

Alinikalisha kwenye kiti, akasema ndicho kiti cha gari. Akachukua mkanda wa sanduku langu la safari, akaupitisha begani na kiunoni kama mkanda wa gari. Akaniuliza nilikuwa nabeba upande gani. Nikasema kulia, chini ya koti. Nikavaa koti la kazini, rimoti ikaingia mahali pake. Yeye akachukua mwiko wa ugali, akasimama hatua sita, karibu na jiko.

"Nikianza kuja, toa."

Akaja. Hakukimbia sana. Mkono wangu ulishika koti, koti likashikwa na mkanda, na kabla kidole hakijagusa rimoti, mwiko ulikuwa shingoni mwangu. Tukarudia. Mara ya pili niliitoa, ikanaswa na mkanda ikaanguka chini, betri zikatoka. Mara ya tatu nilianza kabla yake, kwa hila, na bado mwiko ulinifikia. Mpishi alikuwa amekaa kitandani anacheka machozi yakimtoka. Nikavua mkanda ule, nikasema nina mguu mbovu, nikatoka nje kwenye joto nikatembea mpaka shati likanilowa.

Sikuwa na mguu mbovu. Nilichokuwa nacho ni kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kabla, kwenye gari la kweli, koti likiwa limeshikwa na mkanda vilevile, na nilijua tangu mwanzo kwamba haitoki.

Hiki ndicho kilichotokea Kitale. Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, jua linawaka. Nilisimama mbele ya geti langu, bampa imegusa geti kabisa, nikapiga honi, nikaanza kusoma ujumbe kwenye simu wakati mke wangu anakuja kufungua. Wanaume wawili walikuwa wameketi ukutani mwa jirani. Niliwaona, na nikaona ni watu wameketi. Kioo changu kilikuwa chini. Nilisikia chuma baridi sikioni.

"Pesa kaa nazo," mmoja akasema kwa upole. "Tunataka ile bastola. Iko kulia, chini ya koti."

Alinyoosha mkono akaichukua mwenyewe. Nilikuwa nimeinua mikono yote miwili, simu bado kiganjani. Mke wangu alikuwa amekwisha kuvuta komeo la geti, akasimama pale akimtazama mume wake anavuliwa bastola kama mtoto anayevuliwa koti la shule. Wakaondoka wakitembea.

Walijua upande. Walijua kwa sababu soko zima lilijua. Nilikuwa nikiweka mguu juu ya gunia la saruji makusudi koti lipande. Nilikuwa nikiitoa kwenye harusi za jamaa nikiwaonyesha mashemeji. Bastola niliyonunua ili wezi wasije, ndiyo iliyowaleta.

Leseni ilifutwa. Miezi minane baadaye polisi waliniita kuniambia wameipata. Ilikuwa imetumika kumpiga bodaboda mmoja risasi ya paja, wakimnyang'anya pikipiki. Niliandika taarifa, nikatia sahihi, nikarudi nyumbani nikaanza kutafuta wakala wa kazi za Ghuba. Watu walidhani duka limenishinda.

Mpishi hakuyajua hayo. Na Mganda pia hakuyajua, ingawa baada ya siku ya mwiko alianza kuniachia chai kwenye chupa, jambo lililonikera zaidi.

Masomo yaliendelea bila mimi. Nilikuwa nalala kitandani nimewapa mgongo, nasikia kila neno. Mganda alimfundisha kutosimama getini moja kwa moja, bali kupita kwanza, kuzunguka, na akiona mtu asiyemjua ameketi aendelee na safari. Alimfundisha kuacha nafasi mbele ya gari ya kuweza kutoka. Alimuuliza, "Ukipiga, risasi ikimkosa, nyuma yake kuna nini? Jikoni kwenu? Watoto wa jirani?" Mpishi akasema hakuwahi kuwaza hayo. "Basi hujawa tayari kubeba," Mganda akasema. Akamwambia pia kwamba akiwa amekasirika au amekunywa aiache kwenye sefu, na kwamba akiitoa mbele ya mtu anayemtukana tu, yeye ndiye atakayekwenda jela. Yalikuwa mambo mazuri. Nililala pale nikitafuta kosa, nikalikosa, nikachukia.

Kisha siku moja, bado siku tisa mpishi aondoke, nilimsikia kwenye simu na kaka yake. Alikuwa ameweka spika. Kaka alikuwa kwenye kituo cha matatu, watu wengi wakipiga kelele.

"Bwana mkubwa!" kaka akasema. "Tumesikia unakuja na chuma! Hapa stejini wote wameniuliza!"

Mpishi akacheka kwa raha. "Waambie wajipange. Nikifika nitawaonyesha."

Niliinuka nikaketi kitandani. Nilikuwa nasikiliza kicheko changu mwenyewe. Hilo ndilo jambo moja ambalo Mganda hakuwa amemfundisha. Kule alikolinda yeye, kila mlinzi alikuwa na silaha na kila mtu alijua, kwa hiyo hakuwahi kuhitaji kuificha kwa watu wake. Mimi nilijua. Katika chumba kile, mimi peke yangu nilijua.

Na nikanyamaza. Nilijiambia, amechagua mwalimu wake, mwalimu wake amwambie. Siku tisa tulikula sahani moja na nikanyamaza. Nilikuwa nikiona wazi mtu ameketi ukutani mwa jirani yake kule Eldoret, na bado kila nikifungua mdomo niliona mwiko na machozi ya kicheko, na ningelazimika kusema yote, kwamba hakukuwa na risasi hewani, hakukuwa na kofia.

Siku ya safari ilikuwa Jumatano. Mganda alikuwa zamu, kwa hiyo mpishi akaniomba mimi nimsindikize uwanja wa ndege kumsaidia masanduku. Hata hilo nililipima: Mganda angekuwa huru, angemwomba yeye. Tukapanda teksi saa tano asubuhi. Tulipofika barabara ya kando ya bahari, mpishi akaniambia, "Mzee, utanikosa. Nani atakusikiliza tena habari za wale wanne?"

"Walikuwa wawili," nikasema.

Akanigeukia.

"Walikuwa wawili, na sikupiga hata moja. Waliichukua."

Nikamwambia yote tangu mwanzo, nikiangalia kichwa cha dereva kwa sababu sikuweza kumwangalia yeye. Nikamwambia kuhusu magunia ya saruji, kuhusu harusi, kuhusu bodaboda na paja lake. Nikamwambia, "Kaka yako ameshakutangaza stejini. Hiyo bastola haijafika mkononi mwako na tayari ina watu wanaoingoja."

Nilidhani atanionea huruma. Alikasirika.

"Ijumaa zote zile," akasema. "Miaka mitatu unanidanganya."

"Ndiyo."

"Sawa, uongo ni wako. Lakini hili la kaka yangu ulilisikia lini?"

"Wiki iliyopita. Siku tisa."

"Na ukakaa nalo? Kwa nini, mzee? Nimekukosea nini?"

Dereva alikuwa ameanza kututazama kwenye kioo. Nikasema, "Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa yule."

Akageuzia uso dirishani mpaka uwanjani. Tulishusha masanduku, nikayapandisha kwenye kitoroli. Alinipa mkono bila kuniangalia vizuri, akaingia ndani. Nilirudi kwa treni ya chini ya ardhi nikiwa nimesimama, ingawa viti vilikuwa vitupu.

Miezi minne hatukuwasiliana. Mganda alikuwa akipokea salamu zake, nami nilizipata kwa Mganda. Kisha Ijumaa moja baada ya staftahi simu yangu ikalia, naye ni mpishi, kwa video, amevaa aproni yake, nyuma yake masufuria.

Hakuzunguka. Akasema alipofika nyumbani aliwatangazia wote, kaka, steji nzima, kwamba ombi lake limekataliwa na yeye mwenyewe amechoka na habari hizo. Walimcheka wiki mbili, wakasahau. Leseni ikatoka baadaye. Mke wake pekee ndiye aliyejua. Halafu wiki hiyo, akirudi nyumbani jioni jua bado lipo, aliona pikipiki imesimama mkabala na geti lake, watu wawili juu yake, kofia za pikipiki kichwani na injini inawaka. Hakusimama. Alipita kana kwamba nyumba si yake, akaenda mpaka kituo cha mafuta, akampigia mke asifungue, akapigia polisi. Polisi walipofika watu wale walikuwa wameondoka.

"Labda walikuwa wanangoja mtu wao tu," akasema. "Sitajua. Hata sikuigusa, mzee. Nilikumbuka tu kwamba niko nayo nilipokuwa nashuka kituoni."

"Umefanya vizuri," nikasema, na nilimaanisha.

"Yule bwana alinifundisha kitu," akasema. "Na ile yako pia ilinisaidia. Hebu mpe simu."

Ile *pia*. Nilimpa Mganda simu nikaenda kuosha vikombe. Walizungumza nusu saa. Nilimsikia mpishi akicheka kile kicheko chake cha zamani, cha mikono yenye unga, na roho ikanichoma vilevile, kana kwamba miezi ile haikupita. Nilikuwa nimempa mtu yule aibu yangu kubwa kuliko zote, na bado nilikuwa wa *pia*.

Mganda aliponirudishia simu alibaki amesimama pale kwenye sinki. "Amesema una habari ambayo sikuisikia," akasema. "Kama hutaki, basi."

Nikamwambia, nikiwa nimempa mgongo, maji yakitiririka. Mara ya pili haikuwa rahisi zaidi. Nilingoja aseme kuhusu mkanda, kuhusu koti, kuhusu bampa iliyogusa geti. Nilikuwa na majibu tayari. Hakuuliza hayo.

"Yule wa bodaboda," akasema. "Alipona?"

Nikafunga bomba. Miaka sita na ushee nilikuwa nimembeba mtu yule kama aibu yangu, sijawahi hata mara moja kumuulizia kama mtu. Sikujua jina lake. Na huyu, kwa kusikia mara moja, ndilo swali lake la kwanza. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea saa ile, na wivu ule haukuwa wa bastola tena.

"Sijui," nikasema.

Jioni ile nilimpigia mke wangu nikamwomba aulize. Hakuwa na haja ya kuuliza.

"Anachechemea kidogo," akasema. "Aliacha bodaboda. Ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na steji ya chini. Kioo cha simu hii alinibadilishia yeye."

"Unamjua? Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule. Nilimwendea hospitali, nikamwambia mimi ni mke wa nani."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, baba," mke wangu akasema. "Nikitaja siku ile tu, ulikuwa unakata simu."

Nikamuuliza kama yule mtu angekubali kuzungumza nami. Akasema atamuuliza kesho akifungua kibanda.